Lodwar hadi Lamu: saa moja ya kwenye simu

Swali: Nampeleka mama harusini Lamu, tukitokea Lodwar. Kwenye simu nimeona ni kilomita 840, saa moja na dakika chache kwa ndege. Kuna kijana anataka kutuuzia tiketi mbili: tunatua Nairobi saa nne asubuhi, tunaondoka saa tano kasorobo kwenda Lamu. Muda huo unatosha?

Jibu: Hautoshi, dada. Usimlipe.

Kilomita 840 ni sawa, lakini huo ni mstari ulionyooka angani. Kinachoniudhi ni ile saa moja, maana naisikia hapa uwanja wa Wilson, Nairobi, karibu kila siku. Programu imegawanya umbali kwa mwendo wa jeti kubwa, kilomita 800 hivi kwa saa, bila kujali kama kuna ndege inayopita njia hiyo. Haipo. Hakuna ndege ya ratiba inayotoka Lodwar moja kwa moja hadi Lamu. Na hizi ndege zetu za rafadha, yaani za mapanga yanayozunguka, si jeti: Dash 8 za kawaida huenda kama kilomita 500 kwa saa, Caravan ya injini moja kama 300.

Kwa hiyo mtapita Nairobi. Lodwar hadi hapa ni kama kilomita 510, ikipitia Eldoret ni zaidi, kisha 465 hadi uwanja wa Manda, na kutoka Manda mnavuka kwa boti hadi mjini Lamu. Angani kilomita zilizoongezeka si nyingi. Siku inaliwa hapa chini.

Mwulize kijana: tunatua uwanja gani, na tunaondokea upi? Nairobi ina viwanja viwili, Wilson kwenye Barabara ya Lang'ata na Jomo Kenyatta kule Embakasi. Kati yake kuna foleni ya magari, mizigo ya kusubiri, ukaguzi upya, na dirisha la abiria hufungwa kabla ya saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Mama mzee atakimbia vipi dakika 45? Tena tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali hazijuani. Ya kwanza ikichelewa, ya pili inaondoka na nauli yenu, na aliyewauzia hashiki simu. Nimeshawakuta akina mama wakilia kwenye mabenchi kwa sababu ya hesabu za namna hii.

Wengine hukimbilia kukodi ndege nzima wakidhani watalipia zile 840 tu. Ndege inalala Wilson. Itakuja Lodwar tupu, iwapeleke Lamu, irudi tupu: zaidi ya kilomita 1,800, kama saa sita za Caravan, na zote ni zenu. Jua la Lodwar likishakuwa kali hewa huwa nyepesi, na huenda rubani akapunguza mizigo ili aweze kuruka salama.

Anayetoka Mandera kwenda Kitale, au Wajir kwenda Ukunda, hesabu yake ni hii hii. Asiyekutajia uwanja wa kutua, aina ya ndege na kama mizigo inafika moja kwa moja, huyo anauza namba aliyoiona kwenye simu kama ulivyoiona wewe. Lalani Nairobi usiku mmoja, mpande ya Lamu asubuhi. Na mfike siku moja kabla ya harusi.