Beringi ya rola bila ringi ya ndani: shafti ndiyo ringi

Ndugu yangu wa Katwe, umeuliza kwa nini shafti uliyokerezewa imechimbika mifereji ndani ya mwezi mmoja, na rola bado zinang'aa. Ni kwa sababu beringi hiyo haina ringi ya ndani, kwa hiyo rola zinakimbia juu ya shafti yenyewe. Kila rola inagusa kwenye mstari mwembamba kama uzi, na mzigo wote unabanwa hapo. Mbano huo kupita megapaskali 1,000 (kipimo cha nguvu kwa eneo) si ajabu, wakati chuma laini cha kawaida huanza kulegea kwenye 250 hivi kikivutwa. Lazima kibonyee.

Uso wa shafti unatakiwa uwe na ugumu wa 58 hadi 64 kwa kipimo cha Rockwell C. Na tafadhali usikubali ngozi nyembamba ya ugumu! Mkazo wa kukata, yaani ule unaotelezesha tabaka moja la chuma juu ya jingine, huwa mkali zaidi chini kidogo ya uso, si juu kabisa. Ngozi ikiishia hapo, itabanduka kama magamba. Kumbuka pia kusaga kwa jiwe baada ya kutia ugumu, maana moto hupindisha shafti.

Kabla hujalipa, pitisha tupa mpya pembeni, mahali rola hazifiki. Ikiteleza bila kung'ata, vizuri. Ikitoa unga wa chuma, irudishe.

Kama hupati wa kuitia ugumu, mwambie fundi apunguze kipenyo, kisha vika ringi ya ndani ya dukani. Mimi ningefanya hivyo.