Anaandika "mutoto"

SWALI: Binti yangu wa darasa la kwanza anazitaja herufi zote, lakini "mtoto" anaandika "mutoto". Nifanyeje? – Mzazi, Morogoro

JIBU: Huenda amezoea kuiita m "mu". Mfundishe sauti tupu: midomo ifungwe, mmm, bila irabu nyuma yake. Anzeni na m, n, s na l, zinazovutika: mmmaa, sssaa. B, d na k zisubiri. Hazivutiki, ndiyo maana watoto huzibandika irabu. Kisha apige makofi: m-to-to, matatu, la kwanza la m peke yake. Ng' iandike kwenye kadi moja pamoja na ritifaa yake (kile kialama '), isikatwe. Na ule wimbo wa ba-be-bi-bo-bu, tuseme kweli, hukaririwa bila kutazama herufi. Silabi zake zichanganye: bu, ba, bo. Dakika 10 kwa siku zinatosha.