Mteja wa Lusaka haelewi hesabu zangu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nipo Mwaloni hapa Kirumba, Mwanza, kwenye stoo ya dagaa, kila wiki nawaandikia wateja wa nje ripoti kwa Kiingereza. Hesabu nazijua vizuri tu, shida kuziandika. Juzi nikaandika "The price has increased with 25 percent because big number of sacks is wet, I made mathematics and the loss is high", mteja wetu wa Lusaka akajibu hajaelewa, bosi naye anasema Kiingereza changu kinanuka Kiswahili. Nifanyeje? Wabheja sana.
Dada wa Mwaloni

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Bosi asikutishe, hapo kuna vitu vitatu vinne tu vya kurekebisha.

Kikubwa ni hiyo "with". Sisi tunasema bei imepanda kwa asilimia 25, basi mtu akiona "kwa" anaweka "with" na safari inaendelea, lakini kwenye hesabu hiyo "kwa" karibu kila mara ni "by": increase by, fall by, multiply by, divide by. Na "hadi" ni "to". Ukizichanganya hizi mbili unakula hasara kweli maana tuseme kilo imetoka shilingi 8,000 ikafika 10,000, hapo utaandika "rose by 25 percent" au "rose to 10,000 shillings", zote sawa, ila ukiteleza ukaandika "rose by 10,000" mteja anasoma kwamba kilo sasa ni 18,000, we mwenyewe ungenunua?

Kutoa nako kuna kaneno kake. Sisi tunasema toa 2 katika 10, ila kwa Kiingereza ni "subtract 2 from 10", siyo "in".

Tuje kwenye "big number". Kwenye maandishi ya kazi wanasema "a large number of sacks", na hapo kitenzi kinafuata magunia, "a large number of sacks are wet", lakini ukianza na "the number of wet sacks" kitenzi kinakuwa "is". Najua inakera. Dagaa wenyewe hakuna anayewahesabu mmoja mmoja, hao ni "a large quantity of dagaa", na hela ni "amount".

"I made mathematics" iache kabisa, mathematics ni somo la darasani. Kwenye meseji andika "we did the maths" (Wamarekani wanaitoa hiyo s ya mwisho), kwenye ripoti andika "by our calculations". Hiyo "make" uliyoipenda kazi yake ipo kwenye faida na hasara: make a profit, make a loss. Hasara ikiwa kubwa inaitwa "heavy", "we suffered heavy losses".

Kingine hujauliza ila najua unakikosea maana wengi wanakikosea. Daraja letu la Kigongo–Busisi lina kilomita 3, kwa Kiingereza ni "three kilometres long", lakini ukikitanguliza kipimo s inaondoka, "a three-kilometre bridge". Kwa hiyo gunia lako ni "a 50-kilo sack", usiandike "50-kilos".

Na asilimia zenyewe ziangalie. Mzigo uliolowa ukitoka asilimia 10 ukafika 15, sema umepanda "by 5 percentage points". Ukisema "by 50 percent" hujadanganya, hesabu inakubali maana 5 ni nusu ya 10, ila utamtia mtu presha bure.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "The price has risen by 25 percent because a large number of sacks got wet, and by our calculations we have made a heavy loss." Ila kabla hujaituma nenda stoo ukahesabu hayo magunia uandike idadi kamili, maana "large number" kwa mtu anayelipa haimwambii kitu.