Maswali ya wasomaji: Wasifukazi wa zamani, jina lisilolingana

SWALI: Nina miaka 9 katika kampuni moja ya vinywaji hapa Jinja, Uganda. Niliingia kama mtunza stoo, sasa ni msaidizi wa mhasibu. Wasifukazi wangu una kurasa 6. Nimeutuma kwingi, kimya. Nirekebishe nini? – Dada wa Jinja

JIBU: Dada, wasifukazi uuweke kando kwanza, utafute karatasi. Kusanya barua ya ajira, barua ya kupandishwa cheo, vyeti na taarifa ya michango yako ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii. Hiyo ya mwisho wengi huisahau, nayo inaonyesha mwezi kwa mwezi mwajiri aliwasilisha nini, kwa hiyo tarehe zako za kazi hutazikisia. Ukikuta miezi mitupu ilhali mshahara ulikatwa ile asilimia 5 yako, ifuatilie sasa ukiwa bado kazini. Mwajiri alipaswa kuongeza 10 juu yake.

Sasa punguza. Kurasa 2 zinatosha. Matokeo ya PLE (mtihani wa kumaliza shule ya msingi), dini, idadi ya watoto, vyote toa. (Fomu za utumishi wa umma ni habari nyingine, kule jaza kila wanachouliza.)

Kosa kubwa kwa mtu wa hali yako ni kuandika miaka yote 9 chini ya cheo cha sasa. Kwa kufanya hivyo unaficha jambo bora ulilo nalo, yaani kwamba ulipanda. Tenganisha stoo na uhasibu, kila kazi na tarehe zake, ya sasa ikiwa juu, na mistari 3 hadi 5 kila moja.

Mistari yenyewe ndiyo kazi. "Nilihusika na masuala ya fedha" haimwambii mtu chochote. Linganisha na hii: "Naandaa ritani ya VAT na kuiwasilisha URA kabla ya tarehe 15 kila mwezi, natoa ankara kwa EFRIS, nalinganisha akaunti 3 za benki na vitabu vyetu." (URA ni mamlaka ya mapato, EFRIS ni mfumo wake wa ankara za kielektroniki.) Msomaji anayeijua kazi anakuona mezani. Hata stoo ina hesabu: bidhaa aina ngapi, stoo ilihesabiwa kila baada ya muda gani, upungufu ulishuka kutoka wapi hadi wapi. Ila usiweke namba ambayo utakwama ukiulizwa umeipataje.

Kuhusu ukimya: ukituma karatasi ileile kila mahali, anayechuja maombi haoni alichokitangaza. Tangazo likitaja programu ya uhasibu ya QuickBooks nawe unaitumia, iandike kwa jina hilohilo, ukurasa wa kwanza. Tuma PDF yenye jina lako na nafasi unayoomba, siyo "CV mpya mpya 2". Wadhamini wapigie simu kabla ya kuwataja. Anayeshtukizwa husema "namkumbuka kidogo", na hapo umekwisha.

Ukipata kazi, usikubali kuanza wiki ijayo. Kwa Sheria ya Ajira ya 2006, aliyefanya kazi kati ya miaka 5 na 10 anatoa notisi ya miezi 2. Siku ya kuondoka omba cheti cha utumishi; sheria hiyohiyo inakupa haki ya kukipata, kikitaja kazi uliyofanya na muda wake.

SWALI: Vyeti vyangu vya UNEB (baraza la mitihani) vina majina mawili, kitambulisho cha taifa kina matatu. Mwajiri amenirudisha. – Kijana wa Gulu

JIBU: Ikiwa jina limeongezeka tu au mpangilio umegeuka, kwa kawaida kinachotakiwa ni tamko la kisheria mbele ya kamishna wa viapo, likisema kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Ambatisha nakala za vyeti na kitambulisho. Ikiwa ulibadili jina kabisa, hapo unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa URSB, ofisi ya usajili. Kosa likiwa la kitambulisho chenyewe, nenda NIRA, mamlaka inayotoa vitambulisho, ukaombe marekebisho. Tarehe ya kuzaliwa nayo iangalie siku hiyohiyo, maana tarehe mbili tofauti huzua maswali magumu kuliko jina.