Umeniuliza kama urudi Pemba

Mwanangu,

Assalaamu alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya kwanza jikoni na mara ya pili usiku nyumba ilipotulia. Unauliza kama uache kazi ya mapokezi hotelini huko Nungwi, urudi nyumbani utafute kazi kwenye mashirika ya misaada. Unauliza pia kama kazi zenyewe zipo au ni maneno ya barazani. Nimeona nikuandikie. Nimekuwa nikiingia na kutoka kwenye miradi ya watu kwa miaka kumi na tisa sasa, na nikikujibu kwa simu nitasahau nusu.

Kazi zipo, ila si nyingi, na nyingi si za aina unayoifikiria wewe ya meza, kiyoyozi na gari yenye nembo mlangoni. Pemba tulihesabiwa watu 543,441 kwenye sensa ya 2022, na kwa nilivyoona, shirika likiwa na wafanyakazi kumi wa mkataba hapa kwetu basi hilo ni kubwa. Hao kumi hukaa mjini Chake Chake. Walio chini yao ndio wengi: wakusanya takwimu wa wiki mbili, wahamasishaji wa shehia, wahudumu wa kujitolea wanaopewa posho, nahodha wa kukodi, dereva, mama wa kupika siku za mafunzo. Wengi wetu tumeingilia mlango huo wa chini, na mimi mmoja wao.

Kazi yangu ya kwanza hukuijua, ulikuwa mdogo. Ilikuwa ya siku kumi na mbili, kukusanya mkojo wa watoto skulini kwa ajili ya utafiti wa kichocho. Tulifundishwa kwamba mkojo uchukuliwe baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu hapo ndipo mayai ya kichocho hutoka kwa wingi. Ukichukua asubuhi na mapema unaweza kumwandika mtoto mzima na kumbe ni mgonjwa. Basi tukawa tunagawa vikopo jua la utosini, foleni ya chooni haishi. Siku ya tatu alikuja msichana wa darasa la tatu, kikopo kakifunika kwa ncha ya mtandio. Alipokiweka mezani nilikuta maji mekundu, kama yale ya kuoshea samaki. Nikamwuliza tangu lini. Akaniambia, "Mbona ndivyo siku zote." Alidhani wasichana wote hukojoa hivyo. Alipewa dawa wiki ile ile, na mimi nilikwenda nyumbani nikijua nimepata kazi ya maisha yangu hata kama nimelipwa kwa siku.

Nakwambia haya kwa sababu watu watakuambia kazi za mashirika ni posho na semina. Posho zipo, sikatai. Lakini ile maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000 kwa msaada wa Waitaliano na ikawa mali ya Wizara ya Afya, imewafundisha vijana wa Kipemba kusoma hadubini na kuweka takwimu. Kituo cha Madrasa cha Aga Khan, kilichoanza kazi Zanzibar mwaka 1990, kiliwafanya wanawake wa vijijini walimu wa chekechea, wanawake ambao vinginevyo wasingeitwa walimu. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, wana ofisi yao Pemba na wanafuatilia kesi za udhalilishaji ambazo zamani zilimalizwa kwa chai sebuleni. Shirika la Milele liko Unguja na Pemba, kwenye elimu na afya. Community Forests Pemba wanapanda miti na mikoko. Hawa ukiwauliza watu wa vijijini wanawajua kwa kazi, si kwa bango.

Kisha kuna Mwambao, shirika la kuhifadhi pwani pamoja na wanavijiji, na hawa nataka uwaangalie kwa makini zaidi, maana kazi yao inafanana na wewe kuliko unavyodhani. Kule Kisiwa Panza wenyeji walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba ili pweza wapate kukua. Pweza hukua haraka sana, miezi mitatu tu mizani inasema. Kazi inayohitajika pale si ya msomi wa bahari peke yake. Lazima awepo anayepima na kuandika siku mwamba unapofunguliwa, nani kavua, kilo ngapi, kauza kwa nani. Fedha za doria ya kulinda mwamba ziwe na daftari, na daftari hilo lisomeke mbele ya kamati ya wavuvi bila mtu kushikana shati na mwenzake. Nimeona kamati ikivunjika kwa shilingi elfu sitini zisizo na stakabadhi. Hakuna aliyeziiba. Zilinunuliwa mafuta ya boti, ila hakuna aliyeandika.

Wewe umesomea uhasibu. Hujui ulivyo adimu huku, mwanangu. Wahamasishaji tuko tele. Mtu anayeweza kukaa chini ya mwembe na wanawake wa mwani akawaonesha hisa zao zimefika ngapi, kisha akarudi ofisini akaandika ripoti ya fedha kwa Kiingereza ambayo mfadhili hatairudisha, huyo hutafutwa na mashirika mpaka Unguja, na wakimpata humleta Pemba kwa nyumba ya kupanga na posho ya kujikimu. Halafu hakai. Mwaka haujaisha anaomba uhamisho.

Huyo wa kuletwa ana tatizo jingine ambalo wewe huna. Nilifuatana na kijana mmoja kutoka bara, mtu mwema na mwenye heshima, tukijaza dodoso Micheweni. Anamwuliza bibi mzee, "Je, katika mwezi uliopita kaya yako ilipata uhaba wa chakula?" Bibi akajibu, "Alhamdulillah, hatuna shida." Akatia alama ya hapana, akageuza karatasi. Nikaomba ruhusa nikamwuliza bibi kwa lafudhi yake: jana usiku watoto wamelala na nini? Akatazama chini. Chai ya rangi, akasema, na muhogo uliobaki mchana, tena walipewa wadogo tu. Mtu mzima wa Kipemba hamwambii mgeni kwamba ana njaa. Hilo halimo kwenye mafunzo yoyote niliyohudhuria.

Wala huhitaji kufundishwa kwamba mkutano wa wanawake haupangwi siku za bamvua, kwa sababu maji yanatoka mbali na wote wako pwani kwenye mwani na pweza. Au kwamba msimu wa karafuu ukishika, ukumbi utakaa mtupu hata ukitangaza nauli. Nimeshuhudia mafunzo ya siku tatu yakifanywa na watu sita, bajeti ya arubaini ikaliwa, na ripoti ikaandika kuwa jamii haina mwamko.

Sasa upande mgumu, na hapa usinipite haraka.

Kazi hizi zinaisha. Mradi ni wa mwaka, au miwili, au mitatu ukiwa na bahati. Na saa nyengine hauishi kwa tarehe yake. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufika Julai shirika lao lenyewe la misaada, USAID, likafungwa. Fedha za Marekani ndizo zilizoanzisha upuliziaji wa dawa ya malaria majumbani hapa Zanzibar mwaka 2006, na vijana wangapi wa kwetu wamejenga vibanda vyao kwa vibarua vile vya msimu. Wapo watu ninaowajua walioingia kazini Jumatatu wakiwa na mkataba na kutoka Ijumaa hawana. Hawakukosea lolote.

Kwa hiyo ukiitwa kwenye usaili, nawe uliza. Mfadhili ni nani, mradi unaisha lini, na ukiisha hapa kuna nini. Si utovu wa adabu. Mkataba uwe wa maandishi, uusome nyumbani kabla ya kutia saini, na uone kama wanakukatia mchango wa ZSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii. Tunayo Sheria ya Ajira ya Zanzibar, namba 11 ya 2005, na shirika la misaada halikusamehewa sheria hiyo kwa kuwa linafanya wema. Anayekwambia utoe pesa ya fomu, au ya "kumwona mkubwa", funga simu. Na mkubwa yeyote akitaka kuonana nawe kuhusu kazi mahali pasipo ofisi na saa zisizo za ofisi, niambie mimi, siku hiyo hiyo, bila kuogopa nitafikiri nini. Nitafikiri wewe ni mwanangu.

Nikueleze jambo ambalo sijawahi kukueleza vizuri. Ule mwaka uliponiona silali, ulikuwa kidato cha pili. Nilikuwa nasimamia wahudumu wa kujitolea kumi na wanne kwenye shirika moja ambalo sitalitaja. Kila mhudumu aliahidiwa posho kwa mwezi. Daftari la mahudhurio nilikuwa nalo mimi, saini nilizichukua mimi. Mwezi wa kwanza posho ikachelewa, nikawaambia subirini. Wa pili ikachelewa, nikawaambia subirini. Kisha siku moja nikafika ofisini nikakuta mlinzi tu, meza zimetolewa, rangi ya ukutani imeachia alama pale palipokuwa na ramani. Simu ya mratibu haipatikani.

Wanawake wale hawakwenda kulitafuta shirika. Wangelitafuta wapi? Walikuja kwangu. Mmoja alikuja na mtoto mgongoni, akakaa kizingitini, hakusema neno la ubaya. Alikaa tu. Nikauza bangili zangu mbili, nikawapa kila mmoja kidogo, na haikufika hata nusu ya haki yao. Mpaka leo nikipita ile shehia nasalimiwa vizuri, lakini najua nani hanitazami machoni.

Ndiyo maana swali lako mimi naligeuza kidogo. Unauliza kama kazi zipo. Mimi nakuuliza, mradi ukishaondoka, utaweza kukaa baraza ile ile, na watu wale wale, ukapokea chai yao? Mgeni akimaliza hupanda boti. Wewe utakutana nao harusini, msibani na kwenye gari ya Konde. Ukiahidi kitu kwa niaba ya shirika, huku umeahidi wewe, mtoto wa fulani. Basi usiahidi kisichoandikwa. Ukiona fedha za watu zinachelewa, sema mapema na kwa maandishi, hata kama mkubwa wako atakununia. Mimi sikuandika hata barua moja. Nilidhani kusubiri ndiyo adabu.

Na ndiyo maana pia nafurahi kuwa wewe ni wa mahesabu, kwa sababu maumivu mengi niliyoyaona kwenye kazi hizi yalitoka kwenye pesa ambazo hazikuelezwa.

Usije ukafikiri nakutisha usirudi. Rudi. Lakini usiache hoteli kesho. Msimu wa wageni ukipungua omba likizo yako, uje wiki mbili. Nitakupeleka kwa sheha, maana mashirika mengi yakitaka kijana wa shehia humwuliza yeye kwanza, na sheha wetu anakukumbuka ukiwa na mikia miwili ya nywele. Tutakwenda pia kwa kina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, wana sanduku la funguo tatu na daftari ambalo limewashinda tangu mwezi wa Ramadhani. Wakusaidie kuona, nawe uwasaidie kuandika. Hawatakulipa. Ila mtu wa shirika akija kuuliza nani anawafungia mahesabu, watamtaja mtu.

Waulize pia wahudumu wa Jamii ni Afya. Wako zaidi ya elfu mbili Unguja na Pemba, kila shehia wamo, wanapita nyumba kwa nyumba na simu zao wakiwaandika wajawazito na watoto. Wao ndio wanaojua mradi gani umeingia wapi kabla tangazo halijabandikwa. Mmoja anakaa nyuma ya msikiti, ulisoma na mdogo wake.

Mshahara utakuwa mdogo kuliko hotelini ukihesabu na bakhshishi, angalau mwaka wa kwanza. Jipange kwa hilo. Nyumba ipo, hutapanga, na chakula ni hiki tunachokula sisi. Kama utahitaji pikipiki ya kufika Makangale na Msuka tutazungumza na kaka yako, ile yake inalala tu siku za kazi. Watu watasema mtoto wa kike juu ya pikipiki. Walisema na mimi nilipokuwa na baiskeli.

Uje na vyeti vyako halisi, usije na vivuli tu, na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi ambacho najua umekiacha kwenye mkoba mwekundu. Ukipata boti ya Mkoani nipigie kabla haijaondoka Malindi, nimwambie kaka yako akusubiri gatini. Chumbani kwako tumeyatoa magunia ya karafuu, kilichobaki ni harufu yake tu.

Mama yako