Huna maabara? Hesabu CG

Juzi kijana wa mwaka wa tatu kaniandikia: "Dada, naipenda epijenetiki, ila chuoni kwetu vifaa hakuna. Nihame fani?" Usihame. Epijenetiki, yaani elimu ya alama zinazoongoza matumizi ya jeni bila kubadili herufi za DNA, haihitaji maabara kila mara. Mwezi uliopita jarida limeikubali makala yangu, na kwa kazi ile nzima sikushika tyubu hata moja. Nilikuwa chumbani Sinza na laptopu ya mtumba, nikipakua jenomu, yaani DNA nzima ya kiumbe, kwa bando la usiku.

Siri ni hii. Kwa wanyama, metili, alama ndogo ya kikemia, hukaa hasa kwenye herufi C ya DNA inayofuatwa na G (ndiyo CG). C yenye metili hugeuka T kirahisi kuliko C tupu, hivyo vizazi vikipita CG hupungua, nawe ukizihesabu unakisia metili ilikaa wapi. Sisi binadamu, ambao asilimia 70 hadi 80 ya CG zetu zina metili, tumebaki na chache mno. Nyuki jeni zake zimegawanyika makundi mawili, na zile zenye CG chache ndizo zinazobeba metili. Mbu wetu wa malaria hana DNMT1 wala DNMT3, vimeng'enya vinavyoweka metili, na inzi wa matunda vilevile. Hamira nayo imeachana na mambo hayo kabisa. Halafu kuna sifongo wa Great Barrier Reef, Amphimedon, aliyejaa metili karibu kama sisi! Mimea ndiyo imezidi: inaweka hata pale C isipofuatwa na G. Mfumo ni wa kale kuliko wanyama wenyewe. Kila ukoo umeutunza, umeutanua au umeutupa.

Nilipoyaeleza haya mbele ya jopo, mzee mmoja alivua miwani akasema, "Binti, kuhesabu herufi ni kazi ya karani." Ukumbi mzima ukacheka. Sijasahau, na sidhani kama nitasahau. Makala nimemtumia, kimya.

Sasa nyie vijana, mnasubiri ufadhili wa nini? Jenomu ziko NCBI, hazina ya mtandaoni ya Marekani, bure. Anza na swali. Narudia, swali kwanza, vifaa baadaye. Acheni kulialia!

Chukua jeni za nyuki na za mbu. Kwa kila jeni, zidisha idadi ya CG kwa urefu wa jeni, kisha gawa kwa idadi ya C mara idadi ya G. Chora grafu ya jeni ngapi zimepata kila jibu. Nyuki akikupa nundu mbili na mbu moja, programu yako iko sawa. Niandikie tuchague mnyama wa tatu.