Maswali na majibu: Kitufe cha Hifadhi kimekwenda wapi?

Safari hii barua za wasomaji wanaotengeneza programu za kompyuta zimeangukia karibu zote mahali pamoja. Programu inapendeza kwenye mashine ya aliyeitengeneza, ikifika kwa mteja inaharibika sura. Tumechagua sita.

Natumia C# na Windows Forms. Nimetengeneza programu ya kupokea na kupima mahindi kwa mfanyabiashara wa Kibaigwa. Skrini yangu ni 1920×1080, ukuzaji (ile Scale ya Windows) 100%, na fomu ina upana wa 1200 na urefu wa 900. Mteja ana laptopu ya 1366×768, na vitufe vya Hifadhi na Chapa havionekani kabisa. Nimemwambia apunguze ukuzaji, bado. Je, anunue monita kubwa?
Msomaji, Area C, Dodoma

Vitufe vipo, ila vimeangukia chini ya ukingo wa skrini. Piga hesabu: urefu ni pikseli 768, na upau wa chini wa Windows 10 unakula 40, zinabaki 728. Fomu yako inataka 900. Pikseli 172 za chini hazina pa kukaa, na humo ndimo ulimoviweka vitufe. Kupunguza ukuzaji hakuwezi kusaidia kwa sababu mteja yuko 100% tayari, na Windows haishuki chini ya hapo.

Monita asinunue kwanza. Laptopu mpya za 1920×1080 zenye inchi 14 au 15.6 mara nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa 125% au 150%. Kwenye 125% nafasi yake, ukiihesabu kwa vipimo vya 100%, ni 1536×864. Kwenye 150% ni 1280×720. Yaani laptopu ya bei kubwa inaweza kuwa na nafasi fupi ya kwenda chini kuliko hiyo ya 1366×768 unayoilaumu. Ukiitengeneza fomu upya, usizidi 1000 kwa 640. Hapo inaingia kwenye zote mbili, hata kwa Windows 11 ambayo upau wake wa chini ni pikseli 48.

Kupunguza namba tu hakutoshi, lazima fomu iweze kunyumbulika. Weka Panel yenye Dock = Bottom na vitufe vyote muhimu viingie humo. Sehemu ya juu weka TableLayoutPanel yenye Dock = Fill, mistari yake yote iwe AutoSize isipokuwa mmoja, ule wa jedwali la mizigo, ambao unaupa 100%. Paneli hiyo ya juu ipe AutoScroll = true, ili mwenye skrini fupi zaidi apate kusogeza. Wengi hukwama hapa: Fill ikiwa nyuma kwa mpangilio wa tabaka, inajitandaza hadi chini ya paneli ya vitufe na mstari wa mwisho wa jedwali unafunikwa. Bofya kulia hiyo ya Fill, chagua Bring to Front, tatizo linaisha.

Jambo jingine, kama mko wawili kwenye mradi. Mmoja akiifungua fomu kwenye mashine ya 125%, Visual Studio huandika upya vipimo vyote vya faili la Designer, lile linalotunza mpangilio wa fomu. Mwenzake wa 100% akifungua, vinaandikwa tena. Wiki mbili baadaye hakuna anayejua kisanduku kilikuwa na upana gani. Ukiona utepe wa njano juu ya ubao wa fomu unaokuuliza uanze upya kwa 100%, kubali. Au ianzishe kwa `devenv.exe /noScale`. Kuanzia Visual Studio 2022 toleo 17.8 unaweza kuandika kwenye faili la mradi `<ForceDesignerDPIUnaware>true</ForceDesignerDPIUnaware>` ukasahau.

Programu yangu ya kiwanda cha kukamua alizeti inafunguka vizuri kila mahali, lakini kwenye laptopu za 150% maandishi yana ukungu kama picha ndogo iliyovutwa. Programu nyingine kwenye mashine hiyohiyo ziko safi. Ni .NET Framework 4.8.
Msomaji, Singida

Umeielezea kwa usahihi kuliko unavyodhani, maana ni picha ndogo iliyovutwa kweli. Programu yako haijaitangazia Windows kwamba inajua kujikuza. Windows basi inaiambia uongo: inaiambia skrini ina DPI (nukta kwa inchi) 96, yaani 100%, inaiacha ichore, kisha inaichukua ile picha na kuivuta mara 1.5. Pikseli moja haiwezi kugawanyika kuwa moja na nusu, kwa hiyo kingo za herufi zinachanganywa rangi, nawe unaona ukungu.

Swali la kujiuliza kila mara ni hili: nani anakuza, Windows au programu? Awe mmoja, ajulikane.

Ukitaka iwe programu, kwa 4.7 na kuendelea fanya hivi. Ongeza faili la app.manifest kwenye mradi, tafuta mstari wa supportedOS wa Windows 10, uondolee alama za maoni. Kisha kwenye app.config andika hivi (PerMonitorV2 maana yake programu ijikuze yenyewe kulingana na kila skrini):

`<System.Windows.Forms.ApplicationConfigurationSection>`
`<add key="DpiAwareness" value="PerMonitorV2" />`
`</System.Windows.Forms.ApplicationConfigurationSection>`

Hakikisha Main inaita Application.EnableVisualStyles(). Na ndani ya app.manifest usiache mstari wa dpiAware uliounakili mahali fulani miaka iliyopita, maana unaishinda app.config na utabaki ukijiuliza kwa nini hakuna kilichobadilika. Wanaotumia .NET 6 au mpya zaidi wana kazi nyepesi: `<ApplicationHighDpiMode>PerMonitorV2</ApplicationHighDpiMode>` kwenye faili la mradi, basi.

Ukimaliza, ukungu utaondoka na matatizo mengine yatajitokeza. Ni kawaida. Kila namba ya pikseli uliyoiandika kwa mkono sasa itabaki ndogo wakati vingine vinakua: urefu wa mistari ya DataGridView, ikoni za 16×16, mstari uliouchora kwa DrawLine, na kitufe chochote unachokiongeza kwa msimbo baada ya InitializeComponent. Hizo zipitishe kwenye LogicalToDeviceUnits. Ukiandika LogicalToDeviceUnits(22) utapata 22 kwenye 100%, na 33 kwenye 150%. Ikoni andaa za 16, 20, 24 na 32, zinazolingana na 100, 125, 150 na 200.

Vile vilivyomo kwenye faili la Designer usiviguse, fomu inavikuza yenyewe. Ukivizidisha na wewe, vinakuwa 1.5 mara 1.5, yaani 2.25, kama mchuzi uliotiwa chumvi na watu wawili wasioambizana. Fomu ikifunguka kubwa kupita kiasi, kosa karibu kila mara ni hilo.

Tuna programu ya ratiba inayoonyeshwa kwenye vyumba vya mikutano Mtumba. Laptopu ni 1920×1080 kwa 150%, projekta ni 1280×800 kwa 100%. Dirisha likivutwa kwenda kwenye projekta, mara linakuwa kubwa, mara linarukaruka kati ya skrini mbili. Siku ya pili programu inafunguka lakini haionekani popote. Ni C++ na Win32.
Msomaji, Ihumwa

Hapa kuna makosa matatu yaliyojificha kwenye swali moja.

Kwanza kurukaruka. Dirisha likivuka kwenda skrini yenye ukuzaji tofauti, programu iliyojitangaza PerMonitorV2 hupata ujumbe WM_DPICHANGED. Neno la chini la wParam lina DPI mpya, na lParam inaelekeza kwenye mstatili ambao Windows inapendekeza dirisha likae. Utumie mstatili huo kama ulivyo ndani ya SetWindowPos. Bila shaka mmekokotoa wenu. Dirisha likibadilika ukubwa vibaya, sehemu yake kubwa inarudi skrini ya kwanza, ujumbe mwingine unakuja, linabadilika tena, na mchezo hauishi.

Pili ukubwa. Angalieni mnapata DPI wapi. GetDeviceCaps yenye LOGPIXELSX inawapa DPI ya mfumo, ile iliyokuwepo mlipoingia kwenye Windows. Haijui habari za projekta. Tumieni GetDpiForWindow, iliyokuja na Windows 10 toleo 1607. Fonti mlizozihifadhi zifuteni mtengeneze mpya, kisha mpange vidhibiti upya.

Na mnapokokotoa, anzieni kwenye kipimo cha asili cha 96 kwa MulDiv(kipimo, dpi, 96). Msianzie kwenye ukubwa wa sasa. Chukua mstari wa pikseli 27, ukuzaji 125%, na msimbo unaokata desimali. Kwenda unapata 33, kurudi 26. Kwenda 32, kurudi 25. Kwenda 31, kurudi 24. Mara tatu tu za kuchomeka na kuchomoa waya, na mstari umepoteza pikseli tatu. Mtumiaji ataapa kwamba programu inasinyaa, na atakuwa sahihi.

Tatu kupotea. Mnahifadhi mahali dirisha lilipofungwa, na lilifungwa kwenye projekta. Kesho projekta haipo, dirisha linafunguka kwenye skrini hewa. Kabla ya kulirudisha, pelekeni mstatili uliohifadhiwa kwenye MonitorFromRect pamoja na MONITOR_DEFAULTTONULL. Ikirudi tupu, liwekeni katikati ya skrini kuu. Msijaribu kukagua kwa “kama X ni chini ya sifuri”, kwa sababu skrini iliyowekwa kushoto ya skrini kuu ina namba hasi halali kabisa.

Mkutano ukiwa umeshaanza na watu wanasubiri: bonyeza Windows + P, chagua Duplicate, skrini zote mbili zionyeshe kitu kimoja. Dirisha lililopotea lichague kwa Alt + Tab, kisha Windows + Shift + mshale.

Ninafanya mradi wa mwaka wa mwisho kwa Python na Tkinter. Kwenye laptopu yangu ya 125% herufi zina ukungu. Nikiondoa ukungu, visanduku vinapandana.
Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma

Mstari wa kuondoa ukungu unao tayari, nadhani ni huu: `ctypes.windll.shcore.SetProcessDpiAwareness(1)`. Uwe kabla ya tk.Tk(), na uuzungushie try na except, kwani kwenye Windows 7 hiyo shcore haipo na programu itakufa kabla haijafunguka.

Kupandana kunatoka kwenye place(x=..., y=...). Fonti yenye namba chanya inapimwa kwa pointi, kwa hiyo inakua pamoja na skrini. Place yako inapimwa kwa pikseli, haikui. Hamia kwenye grid, na nafasi za pembeni ziandike kwa vipimo vya kweli: padx='6p' ni pointi sita, '3m' ni milimita tatu. Tk itazigeuza yenyewe. Msimamizi wako akikwambia weka fonti kwa namba hasi ili zilingane, mwombe radhi usifanye. Namba hasi ni pikseli, na utakuwa umerudi ulikotoka, safari hii na herufi ndogo.

Tuna programu ya zamani ya Visual Basic 6, aliyeiandika hayupo na msimbo umepotea. Ina ukungu kwenye kompyuta mpya.
Msomaji, Kondoa

Bofya kulia faili la .exe, Properties, Compatibility, Change high DPI settings. Weka alama kwenye “Override high DPI scaling behavior” na uchague “System (Enhanced)”. Ipo kuanzia Windows 10 toleo 1703. Windows itaendelea kukuza, lakini maandishi yaliyochorwa kwa GDI (njia ya zamani ya kuchora ya Windows), ambayo ndiyo ya VB6, itayachora upya kwa ukubwa unaotakiwa. Picha zitabaki na ukungu kidogo. Usichague “Application” kwa kubahatisha, fomu zinaweza kuvurugika.

Duka la pembejeo, printa ya joto ya karatasi ya milimita 80. Risiti inakatika upande wa kulia ingawa kwenye skrini imeenea. C#.
Msomaji, Manyoni

Skrini haihusiki hata kidogo, na ndiyo maana umeshindwa. Printa hizi nyingi zina nukta 203 kwa inchi, na kwenye karatasi ya milimita 80 zinachapa upana wa 72 tu, sawa na nukta 576. Ya milimita 58 inachapa 48, nukta 384. Wewe umechukua upana wa paneli kwa pikseli na kuupeleka kwenye PrintPage, ambako kipimo cha kawaida ni sehemu ya mia ya inchi. Milimita 72 hapo ni 283. Chochote kinachozidi hicho kinamwagika nje.

Andika `e.Graphics.PageUnit = GraphicsUnit.Millimeter;` mwanzoni, panga kila kitu ndani ya 0 hadi 72, fonti ziwe kwa pointi. Tahadhari moja: e.MarginBounds itaendelea kukupa sehemu za mia za inchi hata baada ya mstari huo. Ukizichanganya na milimita, bei zitachapwa hewani.

Wengine watatu wameuliza jinsi ya kujaribu haya wakiwa na laptopu moja. Badilisha Scale kwenye Display settings: 100, 125, 150, 175. Baada ya kila badiliko toka kwenye akaunti na uingie tena, la sivyo programu za DPI ya mfumo zitakupa majibu ya uongo. Hiyo 175% msiiruke, ndiyo inayofichua kosa la kukata desimali. Kisha fungua Task Manager, kwenye Details bofya kulia vichwa vya safu, Select columns, weka alama DPI Awareness. Programu yako ikisomeka Unaware wakati umeandika PerMonitorV2, usiguse fomu yoyote kabla hujarudi kuangalia faili la usanidi.